Simu, kitabu au mjuzi? Njia tatu za kutambua mimea ya mwituni kando ya Ziwa Itasca

Kiangazi kikifika, wengi wetu tunaoishi Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, na vitongoji vyake hupakia watoto na chakula garini na kushika barabara ya kaskazini. Mwendo wa saa nne hivi unakufikisha Ziwa Itasca, mahali ambapo mto Mississippi huanza ukiwa kijito cha kuvukwa kwa kukanyaga mawe. Watu hupiga picha pale kwenye mawe, kisha huingia njia za msituni, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Hili tunda la buluu linaliwa? Jani hili linawasha? Na ua lile la waridi lenye mfuko, mbona wenyeji wanasema ni kosa kulichuma?

Nyumbani ungemwuliza bibi, akakujibu bila hata kuinama. Huku bibi hayupo, na angekuwapo, misitu ya misonobari ingemtatiza yeye pia. Kwa hiyo mtu hubaki na njia tatu: kupakua programu ya simu, kununua kitabu cha mfukoni chenye ufunguo wa kutambulia mimea, au kujiunga na matembezi yanayoongozwa na mtu anayeijua mimea ya hapo. Wengi hukwama katikati ya hizo tatu, hasa wale wanaotoka na watoto.

Nitazilinganisha kwa mambo matano. Kwanza, jibu lina uhakika kiasi gani. Pili, njia hiyo inafanyaje kazi mmea ukiwa hauna ua. Tatu, inahimilije mvua, mbu na kukatika kwa mtandao. Nne, gharama. Tano, nini kinabaki kichwani ukirudi nyumbani. Uzito wa kila jambo unategemea jibu utalifanyia nini. Anayetaka jina la kuandika chini ya picha na anayetaka kutia jani kwenye birika hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja.

Kuhusu programu, nitazungumzia tatu zinazotumika sana. iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Seek ni ndugu yake mdogo, na haihitaji kufungua akaunti. PlantNet imetoka kwa watafiti wa Ufaransa, nayo hukuuliza kama picha yako ni ya ua, jani, tunda au gome, kisha hukupa orodha ya majina yenye asilimia. Kitabu ninachokusudia ni kile kinachokuuliza maswali hatua kwa hatua: petali ngapi, majani yanapishana au yanakabiliana, ukingo wa jani una meno au hauna. Vipo pia vitabu vilivyopangwa kwa rangi ya maua. Hivyo ni vyepesi kwa anayeanza, lakini sehemu ya maua meupe huwa ndefu hadi mtu anachoka kufunua kurasa.

Uhakika wa jibu

Anza na swali la watoto, yaani lile tunda la buluu. Bluberi ya mwituni, Vaccinium angustifolium, ni kichaka kifupi chenye majani madogo, na tunda lake lina taji ya ncha tano mwishoni. Clintonia borealis ina majani mawili hadi manne mapana yanayotoka ardhini, kisha kikonyo kitupu kinachobeba matunda machache ya buluu iliyokoza, yanayong'aa, yasiyo na taji. La kwanza ni tamu. La pili si chakula. Hapa simu inafanya vizuri sana, kwa sababu mimea hii miwili haifanani hata kidogo ukiwa umeipiga picha nzima, shina na majani. Kitabu kitakufikisha pia, ila taratibu zaidi. Mjuzi atakuonyesha ile taji mara moja, na baada ya hapo mtoto wa miaka sita hatakosea.

Mambo hubadilika ukifika kwenye kinamasi kando ya ziwa. Pale kuna vichaka vinavyofika magotini vyenye majani membamba, magumu, ambayo kingo zake zimejikunja kwa chini. Kimoja ni Rhododendron groenlandicum, ambacho Waojibwe, wenyeji wa nchi hii, wametengenezea chai tangu zamani. Jirani yake ni Kalmia polifolia, chenye sumu. Ukitazama kwa juu huoni tofauti ya maana, kwa hiyo geuza jani. La chai lina manyoya mazito chini yake, meupe likiwa changa na ya rangi ya kutu likikomaa, na majani yake hupishana kwenye kijiti. La Kalmia ni jeupe na laini kwa chini, bila manyoya mazito, na majani yake hukaa mawili mawili yakikabiliana. Kuna na wa tatu, Andromeda polifolia, ambaye majani yake hupishana kama ya chai lakini kwa chini ni meupe ya kuelekea buluu, tena hayana manyoya mazito. Naye ana sumu.

Hapo programu ina udhaifu ambao haujitokezi wazi, kwa kuwa inajua kile tu ulichoipa. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama haina upande wa chini wa jani, na jibu litakalotoka litakuwa la kukisia kwa umbo. Ipe picha tatu (kijiti kizima, jani kwa juu, jani kwa chini) na jibu hubadilika sana. Kitabu chenye ufunguo hukulazimisha kugeuza jani, kwa sababu hutavuka swali bila kufanya hivyo, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Mjuzi atageuza jani kabla hujauliza, kisha atakuambia hata ile ya chai hunywewa nyepesi na kwa kiasi, kwa kuwa ukiipika sana nayo ina madhara.

Halafu kuna familia ya karoti. Ufukweni, penye tope, huota mmea mrefu wenye maua madogo meupe yaliyokusanyika kama mwavuli. Huenda ukawa Cicuta maculata, mmoja kati ya mimea yenye sumu kali kuliko yote Amerika Kaskazini. Sumu yake huleta degedege, na kiasi kidogo cha mzizi kinatosha kuua mtu mzima. Shina lake mara nyingi lina michirizi ya zambarau, na mishipa midogo ya jani mingi huishia kwenye mabonde kati ya meno, si kwenye ncha. Dalili hizo husaidia, lakini usizitegemee peke yake. Programu inaweza kukupa jina sahihi, na inaweza kukupa jina la ndugu yake anayeliwa, na yote mawili huja kwa herufi zilezile nzuri. Kitabu kinaweza kukufikisha ukiwa na subira na lenzi ya kukuzia. Karibu kila mjuzi niliyewahi kumsikia hutoa jibu moja kwa wageni: mmea wa mwavuli mweupe karibu na maji hauliwi, hata kama unadhani umeutambua. Mtu akila kitu kinachotiliwa shaka, namba ya kituo cha sumu Marekani nzima ni 1-800-222-1222, na kama ameanza kutetemeka, piga 911.

Programu zina sifa moja ya uaminifu ambayo haisemwi vya kutosha. Seek ikishindwa kufika kwenye spishi husimama kwenye jenasi au familia, yaani kundi pana zaidi, ikakuambia imeishia hapo. Na kwenye iNaturalist picha yako huonwa na watu wengine. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wakikubaliana, picha hupewa daraja la utafiti. Kwa hiyo nyuma ya simu kuna wajuzi pia, tatizo ni kwamba huenda wakakujibu ukiwa umeshafika nyumbani.

Kitabu nacho kina mtego wake. Cornus canadensis, mmea mfupi unaofunika sakafu ya msitu, unaonekana una petali nne nyeupe. Si petali, ni majani yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni yale madogo yaliyosongamana katikati. Vitabu vya wanaoanza huyahesabu kama petali ili usipotee. Vya kitaaluma haviwi na huruma hiyo. Tena kitabu cha maua ya mwituni kwa kawaida hakina feni wala nyasi wala miti, kwa hiyo usishangae ufunguo ukikuacha njiani.

Mmea ukiwa hauna ua

Ua la jimbo la Minnesota tangu 1902 ni Cypripedium reginae, okidi nyeupe yenye mfuko wa waridi, ile ya swali la mwanzo. Sheria ya 1925 ilikataza kuichuma. Mmea mmoja unaweza kuchukua hadi miaka 16 kabla ya kutoa ua la kwanza, nalo huonekana kwa majuma machache tu kati ya katikati ya Juni na mapema Julai. Miezi iliyobaki ni majani mapana yenye mistari na vinyweleo. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya mimea ya huku: msimu ni mfupi, na uwezekano wa kukuta ua siku uliyokuja ni mdogo kuliko unavyodhani.

Kitabu kinachoanza na petali, mwezi Mei au Septemba, ni mzigo tu mkobani. Simu hufanya vizuri kidogo kwa majani, hasa yenye umbo la pekee. Sarracenia purpurea, ule mmea wa kinamasini wenye majani ya vibuyu vinavyonasa wadudu, simu haitaukosa mwezi wowote. Mjuzi ndiye asiyejali msimu. Anautambua mmea kwa mahali ulipo na walio jirani nao, hata ukiwa umebaki kijiti.

Mfano unaowahusu wazazi ni Toxicodendron rydbergii, mmea wa vijani vitatu unaosababisha upele wa kuwasha. Uko katika familia moja na mwembe na mkorosho, na mafuta yake yanafanana na yale ya ganda la korosho. Anayevimba midomo kwa utomvu wa embe ana sababu ya kuukwepa mara mbili. Kijani cha katikati kina kikonyo kirefu, vya pembeni vimekaa karibu kabisa na mhimili, na majani hupishana kwenye shina. Watu huuchanganya na Aralia nudicaulis, usio na neno, ambao jani lake hugawanyika mara tatu na kila tawi lina vijani vitatu hadi vitano vyenye meno madogo sawasawa. Hapa usimtume mtoto achutame na simu. Jifunze mmoja huu kabla ya safari, kwa njia yoyote kati ya tatu, na uwe unaujua bila kushika chochote. Ukiugusa, osha ngozi mapema kwa sabuni na maji mengi. Upele huchelewa kutokea, mara nyingi siku moja au mbili.

Misonobari, kwa upande wake, haihitaji lolote katika hizi tatu. Hesabu sindano katika fungu moja. Tano ni Pinus strobus. Mbili ndefu ni Pinus resinosa, mti wa jimbo. Mbili fupi ni Pinus banksiana. Sindano moja moja iliyo bapa ni Abies balsamea, na ile ya pembe nne inayobingirika kati ya vidole ni Picea.

Mtandao, mvua na mbu

Ukiingia ndani ya msitu wa Itasca mtandao ni wa kubahatisha. Ukienda mbali zaidi, kwenye Boundary Waters karibu na mpaka wa Kanada, eneo lenye maziwa zaidi ya 1,000 ya kutembelewa kwa mtumbwi, usiutegemee kabisa. Seek hutambua bila intaneti, kwa sababu mfumo wake umo ndani ya simu. iNaturalist hukuruhusu kupiga picha na kuzipakia baadaye, lakini jibu utalipata baadaye vilevile. Chaji ni jambo jingine, maana kamera na GPS zikifanya kazi mchana kutwa, betri haifiki jioni.

Kitabu hakiishi chaji, ila kinaogopa maji, na kina adui mwingine ambaye wauza vitabu hawamtaji. Ufunguo unataka usimame tuli kwa dakika kadhaa, na katika mwezi wa Juni kusimama tuli kando ya kinamasi ni kuwaita mbu wa wilaya nzima. Wengi huishia kupiga picha na kukaa na kitabu jioni ndani ya hema, na si mbaya. Matembezi ya kuongozwa yana faida ya mwendo. Unasimama kidogo, unaelezwa, mnaendelea. Hasara yake ni kwamba yakiahirishwa kwa sababu ya radi, huna la kufanya.

Majini pana taabu zake. Majani yanayoelea karibu na gati huonekana ya aina moja kumbe ni tatu. Yungiyungi jeupe, Nymphaea odorata, lina jani la mviringo lenye mkato. Nuphar variegata, yenye maua ya njano, jani lake linaelekea umbo la moyo. Brasenia schreberi ina jani dogo la duaradufu lisilo na mkato, kikonyo kimeshika katikati, na upande wa chini umefunikwa na utelezi kama wa bamia. Simu kutoka gatini haiuoni utelezi. Kitabu kitauliza habari ya mkato na kumaliza kazi. Ila kilicho bora ni kulala kifudifudi, kunyoosha mkono na kushika.

Gharama

Hapa sina mengi. Programu zote tatu ni za bure ukiwa tayari na simu nzuri. Kitabu kizuri huuzwa kwa dola kati ya 15 na 30, na maktaba za umma huazima bure. Matembezi na waongozaji wa hifadhi ya jimbo mara nyingi hayana ada zaidi ya kibali cha gari kuingia hifadhini, na gharama yake halisi ni kufuata ratiba ya mwingine. Anayetaka kuzama zaidi anaweza kuchukua mafunzo ya Minnesota Master Naturalist, ya saa 40 na zaidi, ambayo yana ada.

Kinachobaki kichwani

Nikisema ukweli wangu, jina nililopewa na simu hunitoka kabla sijafika garini. Nililolipata kwa kuhesabu petali na kugeuza jani hukaa. Wapo ambao kwao ni kinyume. Picha zao hubaki zimepangwa kwa tarehe na mahali, mwaka unaofuata wanarudi palepale, na kumbukumbu hiyo hakuna kitabu kinachoitoa. Picha hizo pia huwafaa watafiti. Ukikuta okidi adimu, hakikisha tu umeficha mahali kamili kabla ya kuituma, na usikanyage pembeni yake ukitafuta pembe nzuri ya kamera.

Mjuzi huacha visa. Atachana jani la Cornus canadensis taratibu kwa upana, vipande viwili vining'inie kwa nyuzi nyembamba nyeupe zinazotoka kwenye mishipa, na hutasahau tena. Atakuambia kwamba vijiua vya mmea huohuo hufyatuka na kurusha chavua katika muda usiofika nusu ya milisekunde. Atakuonyesha mpunga wa ziwani, Zizania palustris, ambao Waojibwe huuita manoomin. Mwezi Juni majani yake hulala juu ya maji kama nywele zilizochanwa upande mmoja, kisha husimama, na mwishoni mwa Agosti hadi Septemba huvunwa kwa mtumbwi, mtu mmoja akisukuma na mwingine akipukutisha nafaka kwa vijiti viwili. Uvunaji wake una leseni na kanuni. Programu itakupa jina la mmea huo. Habari ya nani anauvuna, lini na kwa heshima gani, utaipata kwa watu.

Ipi kwa nani

Una watoto wadogo na siku moja tu: chukua Seek. Haidai akaunti, inawapa kazi ya kutafuta, na makosa yake hayadhuru mradi sheria ya familia ni kwamba hakuna kinachoingia mdomoni bila mtu mzima. Matembezi marefu ya mtaalamu yatawachosha.

Unakuja mara kwa mara na unataka kuijua mimea yenyewe: nunua kitabu chenye ufunguo. Anza katikati ya Juni, maua yakiwepo, na uchague mmea mmoja ulio rahisi, kama wenye petali kubwa na majani machache. Wiki za kwanza zitakuudhi.

Unataka kuchuma na kula: bluberi utazijua kwa njia yoyote, na katika hifadhi za jimbo matunda ya kuliwa nyumbani yanaruhusiwa, maua na mimea mizima hairuhusiwi. Zaidi ya bluberi na rasiberi, nenda na mtu aliyewahi kula mmea huo mahali hapo, kisha mhakikishe na kitabu. Picha peke yake haitoshi kwa kitu chochote cha ufukweni.

Unakuja majira ya kuchipua au ya majani kupukutika: tafuta ratiba ya waongozaji kabla ya kufunga safari, maana ndio watakaokufaa zaidi wakati huo, na simu iwe ya akiba.

Kiingereza cha kitabu kinakusumbua: maneno ya kiufundi ni machache kuliko yanavyotisha, na michoro hubeba mzigo mkubwa. Bado, mwongozaji unayeweza kumwuliza tena na tena, au simu inayoonyesha picha za kulinganisha, itakuwa nyepesi kwako kwa msimu wa kwanza.

Unakwenda na mtumbwi Boundary Waters kwa siku kadhaa: pakua programu na uijaribu ukiwa umezima intaneti kabla ya kuondoka mjini, beba pawabenki, na utie kitabu kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa mdomo.